Irudi Kama Ilivyotoka

"Ni ya mtoto?" muuzaji aliuliza.

Alikuwa akimtazama binti aliyesimama kati ya baba na mama yake, na mkono wake tayari ulikuwa umeshashika kompyuta ndogo ya rangi ya waridi.

"Ni yangu," alisema baba. "Nataka mashine ya kurushia ndege."

"Ya kurushia..."

"Ule mchezo wa ndege," binti akamsaidia, kisha akajuta, maana aliona taya la baba yake likikakamaa.

"Si mchezo, mama," baba alimwambia taratibu. Binti alirithi jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hiyo hata akikosewa na huyo mtoto, baba alimwita mama. "Ni kiigizi. Cha mazoezi."

Muuzaji akasema "Aaa," ile ndefu ya mtu asiyetaka kugombana na mteja, akairudisha ya waridi rafuni. Nyuma yao mwanamume mmoja aliyekuwa akichagua kava za simu alicheka puani.

Mtaani kwao huyo baba aliitwa Kapteni. Zamani lilikuwa jina la heshima. Alikuwa akirusha ndege ndogo ya injini mbili, akipeleka magazeti, dawa na watu wenye haraka zao. Kisha kampuni ikafilisika, ndege zikaegeshwa majanini, na jina likabaki kwake kama koti la mtu mnene kwa mtu aliyekonda. Siku hizi watu walimwita kutoka ng'ambo ya barabara: "Kapteni! Leo mawingu yanasemaje?" Naye alijibu kwa kuinua mkono, kwa sababu kutojibu kungekuwa kukiri kwamba kumeuma.

Sasa kampuni nyingine ilikuwa imemwita kwenye majaribio. Jumatatu ya wiki iliyofuata angeketishwa ndani ya kiigizi kikubwa cha kampuni hiyo, azimiwe injini moja, azibiwe dirisha kwa mawingu, kisha aambiwe atue. Walioitwa walikuwa wengi na nafasi zilikuwa mbili. Hakuna aliyepewa nafasi ya kurudia. Na yeye mikono yake ilikuwa haijashika usukani wa ndege tangu zile ndege zianze kuota majani.

Rubani mwenzake wa zamani alikuwa amemwazima skrini na usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta. Aliujaribu kwenye kompyuta ya shule ya binti yake, lakini ndege ilikwenda kama mtu anayefungua albamu ya picha: picha moja, halafu nyingine, halafu ardhi.

"Kwa kazi hiyo nina mbili zinazolingana na mfuko wenu," muuzaji alisema, akaweka mkono juu ya ya kwanza. Ilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake taa zilibadilika kutoka bluu kwenda zambarau kwenda kijani. Ya pili ilikuwa sanduku jeusi, kama debe la biskuti lililopakwa rangi na mtu mvivu.

"Hiyo yenye taa," alisema mke wa Kapteni.

"Kwa nini?" mumewe akauliza.

"Inaonekana."

"Inaonekana nini?"

"Inaonekana ya bei. Ikija kuuzwa..."

Akajiuma ulimi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wote watatu walilisikia. Mashine ilikuwa haijanunuliwa, naye alikuwa ameshafika kwenye kuiuza.

Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na tangu mshahara wa mumewe ukatike, yeye ndiye aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba. Aligundua jambo moja: kitu chenye nailoni ya dukani huuzwa kama kipya, hata kikiwa na miaka. Friji lilipouzwa, karatasi yake ya gundi ilikuwa bado mlangoni, na mnunuzi hakubishana bei. Pesa za friji hilo ndizo zilizokuwa ndani ya pochi yake wakati huo, chini ya leso, na kidole chake gumba kilikuwa juu ya zipu.

"Mama, taa hazirushi ndege," muuzaji alisema, akishusha sauti kana kwamba anatoa siri ya ukoo. "Hii yenye taa ina diski kubwa, ina ramu, sikatai. Lakini humo ndani prosesa ndiyo hiyohiyo moja. Ni sawa na mpishi mmoja apike, aoshe vyombo, na apokee wageni. Ukiiletea ndege, mawingu, mlima, na uwanja wa kutua, anachanganyikiwa. Hii nyeusi ina kadi ya picha. Yaani mpishi ana msaidizi. Kazi ya msaidizi ni moja tu: kuchora picha."

"Nionyeshe," Kapteni alisema.

Nyeusi nyingine ya aina ileile ilikuwa juu ya meza kwa ajili ya maonyesho. Muuzaji akafungua programu. Kwenye kioo ndege ikapita juu ya mawingu, na mawingu yakapita chini yake bila kukwama hata mara moja, kama maziwa yanayomiminwa. Kapteni hakugusa kitu. Lakini mke wake aliangalia chini, akaona vidole vya mumewe vinatembea vyenyewe juu ya paja, vikivuta, vikiachia.

"Na isipotufaa?" aliuliza.

"Una wiki mbili. Irudi kama ilivyotoka, nakurudishia pesa yako. Boksi lake, stika zake, nailoni zake, mpaka vifuniko vidogo vya matundu. Kikikosekana kimoja, mama yangu, huo ni mtumba, hatujuani."

"Rudia."

Muuzaji akarudia.

"Umesikia?" fundi akamwambia binti yake. "Wewe ndiye shahidi."

Kisha akafungua zipu.

*

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani dirishani, meza ya kukatia vitambaa, na kochi kubwa la rangi ya kahawa lililonunuliwa wakati Kapteni akiruka. Kochi lilikuwa bado limevaa nailoni yake. Aliyelikalia alilia nalo: kila akigeuka lilipiga kelele, na akiinuka lilimng'ang'ania kwa jasho. Rimoti ya televisheni nayo ilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Wageni walikuwa wameshazoea.

Mashine ikawekwa mwisho wa meza ya kukatia. Kapteni alifungua boksi kwa mikono miwili, na mke wake akasimama karibu kama mtu anayeangalia mtoto wake akichomwa sindano.

"Hiyo nailoni ya ubavuni usivue."

"Sivui."

"Na hiyo stika."

"Stika ina kosa gani? Nasoma tu."

Aligeuza mashine kuona mgongo wake. Juu kulikuwa na matundu mengi ya maumbo mbalimbali, yote wazi. Chini kulikuwa na safu fupi ya matundu mengine, na kila moja lilikuwa limezibwa kwa kifuniko cheusi cha plastiki. Alikigusa kimoja kwa kucha.

"Hivyo ndivyo alivyovitaja!" mke wake alisema. "Viache!"

"Ni vya ziada tu," Kapteni akasema, na alisema kwa yakini. Kwenye dashibodi ya ndege alizorusha, tundu lililozibwa lilikuwa na maana moja: chombo cha mahali pale hakikununuliwa, na nyuma ya kizibo hakuna kitu. Akatafuta tundu la juu lenye umbo la waya wa skrini, akalipata, likakubali. Akabonyeza. Skrini ikawaka.

Wote watatu wakapiga makofi. Binti akasema, "Mabibi na mabwana, fungeni mikanda," na mama yake akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

*

Haikukwenda.

Ndege ilipaa vizuri, na juu kabisa, penye anga tupu, ilikwenda laini kiasi. Lakini ilipokaribia uwanja, majengo yalipoanza kujitokeza na mvua kupiga kioo, picha ilianza kushika na kuachia. Kapteni alivuta usukani, kioo hakikujibu. Akavuta zaidi. Kioo kikajibu yote kwa pamoja, pua ikaruka juu. Akasukuma, kimya, akasukuma tena, na ndege ikachomeka chini kama sindano kwenye mto.

"Si uisukume kidogokidogo, baba?" binti akasema.

"Nasukuma kidogo, mama. Inapokea nyingi."

Alipunguza mvua. Akapunguza majengo. Akaondoa miti yote, mpaka uwanja ukabaki peke yake kama meza jangwani. Ilipata nafuu kidogo, lakini pale pale pa mwisho, ardhi ilipokaribia na mkono ulipotakiwa kuwa mwepesi, picha ilikwama. Kila alipoanguka, spika zilitoa mlio mkavu, na kila mlio ulipotoka, cherehani ya mke wake ilisimama. Kisha iliendelea. Hakugeuka kumtazama. Lakini kusimama kwa cherehani kulimuuma Kapteni kuliko mlio wenyewe.

Ilipofika Jumatano aliacha kuilaumu mashine kwa sauti. Akaanza kuangalia mikono yake.

"Ni hii au ni mimi?" alimuuliza mkewe wakila.

"Wewe ndiye rubani. Mimi nitajuaje?"

"Dukani ilikwenda laini."

"Dukani hukuishika wewe."

Alimaanisha kwamba hakuna aliyeishika, ilijiendesha yenyewe. Lakini Kapteni hakusikia hivyo. Alisukuma sahani mbele.

"Kama ni mashine, itarudishwa dukani," alisema. "Kama ni mimi, nitarudishwa wapi?"

*

Kesho yake akaja shemeji, kaka wa mke, mwenye malori ya kusambaza maji. Alikaa kwenye kochi, likalia, akacheka nalo.

"Hili kochi bado linalalamika? Shemeji, habari za angani?"

"Salama, shemeji."

"Nimesikia tumenunua ndege."

"Tumenunua kompyuta."

"Haya. Mimi sina mengi. Dereva wangu mmoja ameacha kazi. Lori lipo, mshahara upo kila mwisho wa mwezi, si wa mawinguni. Nikasema kabla sijampa mtu baki, nimuulize mume wa dada. Lori nalo lina usukani."

"Kaka," fundi alisema kutoka kwenye cherehani.

"Nimemtukana? Sijamtukana. Na likizima njiani, shemeji, unashuka tu. Huanguki." Akacheka tena, lakini macho yake hayakuwa na dharau. Alikuwa mtu aliyeona dada yake akikonda, na hakujua njia nyingine ya kulisema hilo. "Jumamosi nipe jibu. Jumapili lori linatoka."

Alipokuwa akiondoka, kwenye kizingiti alipishana na jirani yao mwenye duka, ambaye wote walimwita Mama Duka. Ndiye aliyenunua friji. Aliingia kuulizia sare ya mwanawe, lakini macho yake yalikuwa kwenye kochi. Wakati huohuo spika zikatoa ule mlio mkavu.

"Masikini, Kapteni! Umeanguka tena? Abiria wamepona?"

"Wamepona," Kapteni alijibu bila kugeuka. "Isipokuwa mmoja."

Mama Duka alicheka, kisha akagundua kwamba mwenzake hacheki, akamgeukia fundi. Alipitisha kiganja juu ya nailoni ya kochi kama anayepapasa ng'ombe mnadani.

"Na hili, dada, umefikia wapi? Nalitaka likiwa hivihivi na nailoni yake. Ukishalivua, mimi simo."

Fundi alitazama mgongo wa mumewe.

"Njoo Jumatatu," akasema, "tutaongea."

*

Ijumaa asubuhi Kapteni alichomoa usukani, akaukunja waya wake vizuri, akauweka kwenye mfuko.

"Tuirudishe," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, wiki mbili hazijaisha. Pesa zirudi. Nitamwambia kaka yako ndiyo."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu niende nikaanguke mbele ya watu wenye tai? Hapa nimeanguka mbele yako, inatosha."

Fundi alikunja uzi kwenye kidole, akaukata. Kitu kifuani mwake kilishuka na kutulia, kama mzigo unapogusa sakafu: mshahara wa kila mwezi, friji labda, na usiku asioamka kupiga hesabu. Kisha akaona aibu, kwa sababu aliutambua ule wepesi kuwa ni furaha. Alimtazama mumewe akiinama kutafuta boksi chini ya meza, na shingo yake kwa nyuma ilikuwa imeota mvi ambazo yeye hakuwa ameziona.

Alimsaidia kufunga. Nailoni ya ubavuni ilikuwapo, bila mkunjo. Stika zote. Vifuniko vyeusi, vyote mahali pake. Hata kile kifuko kidogo cha chembechembe za kunyonya unyevu kilirudi kwenye kona yake.

"Hana pa kutushikia," alisema.

*

Dukani kulikuwa na watu. Muuzaji aliona boksi kabla ya kuwaona wao, na uso wake ukafunga.

"Imekuwaje?"

"Haifai," fundi alisema. "Tumeirudisha kama ilivyotoka. Kagua."

"Haifai kwa nini?"

"Inakwama," Kapteni akasema.

"Inakwama, au mzee hajaizoea?" muuzaji aliuliza, na wateja wawili wakageuka. "Si vibaya, wazee wengi mwanzoni..."

"Kagua," fundi alisema tena, kwa sauti ileile anayotumia kwa wateja wanaosema sare imebana wakati mtoto ndiye aliyenenepa.

Muuzaji akaitoa mashine, akaigeuza, akavuta waya wa skrini ya meza ya maonyesho. Na bila kufikiri, kama mtu anayefungua soda, akang'oa kifuniko kimoja cheusi kwa kucha na kukitupa sakafuni.

"Usitoe!" fundi alipiga kelele. Duka zima likageuka. "Umetoa! Mashahidi wapo! Umetoa mwenyewe!"

"Sasa mama, nitachomeka wapi nisipotoa?"

"Hapo juu! Si pako wazi?"

Mkono wa muuzaji ulisimama hewani. Alitazama matundu ya juu, akatazama vifuniko vilivyobaki, vyote vikiwa mahali pake. Akamtazama Kapteni.

"Siku zote mlichomeka huku juu?"

Kapteni akaitikia kwa kichwa.

"Baba, huku juu ni mlango wa mpishi. Msaidizi mlango wake ni huu wa chini. Mlimnunua, mkampeleka nyumbani, mkamfungia nje." Alichomeka, akawasha, akafungua ndege. Mvua yote, majengo yote, miti yote. Mawingu yakaanza kupita, laini, bila kushika. Yule mwanamume wa siku ile wa kava za simu hakuwepo, lakini wengine walikuwapo, na mmoja wao akasema, "Eh, kumbe!" na wengine wakacheka.

"Wewe ndiye ulisema vifuniko," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ulisema kikikosekana kimoja ni mtumba. Ulirudia. Mwanangu ni shahidi."

Muuzaji akajikuna kisogo.

"Nilisema," alikubali. "Kweli nilisema. Nilisema tu, mama, ndivyo tunavyosema. Sikujua kwamba kuna mtu atatii." Aliinama, akaokota kifuniko, akakipuliza vumbi. "Basi tufanye hivi. Aliyetoa ni mimi. Kwa leo naihesabu kama ilivyotoka. Mkitaka pesa, pesa hizi hapa. Mkiondoka nayo, sipokei tena."

"Mpe pesa," Kapteni alisema haraka. Alikuwa ameshaanza kusogea mlangoni. "Mke wangu, chukua pesa, twende. Watu wanatutazama."

Fundi hakuwatazama watu. Alitazama mkono wa mumewe, uliokuwa umeshika paja la suruali. Kwenye kioo ndege ilikuwa ikishuka yenyewe kuelekea uwanja, na vidole vya mumewe vilikuwa vikishuka nayo. Vilivuta kidogo, vikaachia. Kisha ndege ikagusa chini, na vidole vikatulia. Mumewe mwenyewe hakujua kwamba vilikuwa vinafanya hivyo.

"Funga," fundi akamwambia muuzaji.

"Nifunge nirudishe rafuni, au nifunge mwondoke nayo?"

"Tunaondoka nayo."

"Mama watoto," Kapteni alisema, "fikiri."

"Nimefikiri wiki nzima."

Muuzaji akamnyooshea kifuniko kwenye kiganja. "Na hiki chako?"

"Kaa nacho," alisema. "Na hivyo vingine, vitoe vyote."

*

Walitembea wakiwa wamebeba boksi katikati yao, kila mmoja upande wake. Walifika nusu ya njia.

"Unajua kazi ya kwanza ya rubani asubuhi ni ipi?" Kapteni aliuliza ghafla.

"Ipi?"

"Kuizunguka ndege kuvua vifuniko. Ndege ina mirija midogo ya kupimia mwendo, huifunika ili wadudu wasiingie. Ukisahau kuvua, inaruka, lakini haijui inakwenda kasi gani. Miaka yote ile nimevua vifuniko. Kila asubuhi."

Fundi alisimama, boksi likayumba.

"Na hivi vya kwetu hukuviona?"

"Vya ndege vina utepe mwekundu," alisema kwa unyonge. "Mrefu hivi, unapepea. Hivi vyeusi, nani angejua?"

Mke wake alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na mwishowe wakaliweka boksi chini pembeni mwa barabara na kucheka wote wawili, yeye akifuta macho kwa kona ya kanga. Mtu mmoja kutoka ng'ambo akaita, "Kapteni! Leo mawingu yanasemaje?"

"Yanapita!" Kapteni akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu kwa mdomo.

*

Jioni hiyo alichomeka chini. Picha ilikwenda laini tangu kupaa mpaka uwanja ulipoonekana, laini kwenye mvua, laini juu ya mapaa. Binti aliacha daftari. Cherehani ilikuwa kimya.

Akaanguka.

Safari hii picha haikukwama popote. Aliona kila kipande cha kosa lake, kuanzia alipochelewa kupunguza mwendo mpaka pua ilipogusa nyasi. Alikaa mikono ikiwa juu ya usukani. Masikio yake yalikuwa ya moto.

"Sasa ni mimi," alisema.

Fundi aliweka mguu kwenye pedali ya cherehani, akauondoa. Mashine haikuwa ya kurudishwa tena. Kaka yake alikuwa anangoja jibu. Kama ni kosa, lilikuwa limeshafanyika, na lilikuwa lake.

"Basi afadhali," alisema. "Wewe unatengenezeka."

Aliruka tena. Jumamosi alimpigia shemeji simu, akamwambia ampe lori mtu mwingine, na shemeji akasema, "Haya. Mungu akushike huko juu." Hakucheka. Jumamosi hiyo Kapteni alianguka mara nyingi kuliko alivyotua. Jumapili alitua mara nyingi kuliko alivyoanguka, kwa injini moja, ndani ya mawingu, uwanja ukijitokeza dakika ya mwisho. Kati ya kutua na kuanguka huko palibaki tofauti ndogo sana, naye alijua, na mkewe alijua. Walilala mapema, na hakuna aliyesinzia.

*

Asubuhi ya Jumatatu shati lake jeupe lilikuwa limening'inia mlangoni. Tangu kampuni ifungwe lilikuwa limehifadhiwa ndani ya nailoni ya dobi. Lilikuwa bado ndani yake. Lakini kwenye ukingo wa chini wa nailoni hiyo mtu alikuwa ameshona kwa mkono ukanda wa kitambaa chekundu, mrefu, na upepo wa dirishani ulikuwa ukiupeperusha.

Kapteni alisimama mbele yake akiwa na fulana na soksi. Aliushika ule utepe. Kutoka chumbani mke wake alisikia nailoni ikichanwa, mara moja, kwa nguvu.

Alipotoka alikuwa amevaa. Utepe ulikuwa mfukoni mwake, ncha ikichungulia.

"Umesahau kitu?" mkewe aliuliza.

"Nimezunguka kote," alisema. "Nimevua kila kitu."

Hawakuagana zaidi ya hapo. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akarudi ndani, akajaribu kushona, akashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, akafumua. Simu aliiweka juu ya meza, kioo kikiwa juu. Haikuita. Aliigusa kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Kisha akachukua mkasi mkubwa.

Mama Duka alipofika, nyuma yake walikuwa wanaume wawili wa kubeba. Alisimama mlangoni. Nailoni ilikuwa imerundikwa pembeni, na fundi alikuwa amekaa katikati ya kochi, simu mapajani. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya kahawa iliyokolea kuliko wote walivyodhani.

"Dada! Mbona umelivua?"

"Tunalikalia."

"Ala! Kapteni amepata kazi?"

Fundi aliangalia simu. Alisogea kidogo upande mmoja, na kochi halikupiga kelele.

"Bado," alisema. "Karibu ukae."